Kiti cha Mwalimu Kando ya Benchi

Vijana wangu, kabla sijawaambia lolote, nataka mjue namna ya kuanguka. Kipa asiyejua kuanguka huacha kazi mapema, na huiacha akiwa na nyonga ya mzee. Unaanza na goti, halafu paja, kiuno, ubavu, na bega linakuja mwisho. Mikono iko mbele, mpira ndio unaogusa ardhi kwanza, wewe unaufuata. Ukiangukia kiwiko, Mungu akusaidie, kwa sababu mimi sitakuwepo.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote. Nilikuwa kocha wa makipa wa Nzuki FC hapa Machakos, tangu uwanja wetu ukiwa udongo mwekundu na changarawe, bila unyasi hata wa kumdanganya mbuzi. Kwenye uwanja kama ule humfunzi mtu kuanguka, unamfunza kuumia. Kwa hivyo tulichota mchanga wa mto kwa mkokoteni tukaumwaga nyuma ya goli, na hapo ndipo palipokuwa darasa langu. Kaptura za makipa nilizishonea sponji za magodoro makuukuu. Kipa wetu akiinama kufunga kamba za viatu, uwanja mzima ulicheka. Niliwaacha wacheke. Hakuna kipa wangu aliyevunjika nyonga.

Sasa nimestaafu, na kustaafu kwenyewe sijui. Haya ninayaandika nikiwa nimesimama, karatasi ziko juu ya kabati la vyombo, maana nikikaa miguu inaanza mambo yake. Mke wangu anasema nitaimaliza simiti ya uani kwa kutembea. Mliponiomba niandike juu ya kazi yangu, nilitaka kuandika juu ya kuanguka, glavu na kona, basi. Lakini wiki iliyopita nilimsikia mmoja wenu kwa kinyozi, sitamtaja, akisema Nzuki ilishuka daraja kwa sababu tulimpa mwanamke timu. Nilitoka nimenyolewa upande mmoja. Mwanamke huyo, Kocha Nduku, hakutushusha. Mimi nilikuwa pale, na nitawaambia jinsi tulivyoshuka, ila itabidi nianzie kwa Mwalimu.

Mwalimu Mutinda alikuwa kocha wetu kwa muda mrefu hivi kwamba kuna wachezaji aliowafunza na baba zao, na wajomba zao pia. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwanza, ndiyo maana hakuna aliyemwita Kocha. Hata marefa walimwita Mwalimu, na akiwakaripia walijibu "ndiyo Mwalimu" kabla ya kukumbuka kwamba wao ndio wenye filimbi.

Mimi aliniokota nikiwa kipa, na si kipa wa kujivunia. Tulicheza kule Masinga, karibu na bwawa, na upepo wa maji ulikuwa unatupiga usoni. Nikapiga goli-kiki kwa nguvu zangu zote, juu kabisa, kama mtu anayetaka kusifiwa. Mpira ulipanda, ukasimama, ukarudi. Ulipita juu ya kichwa changu ukatoka nje nyuma ya goli langu mwenyewe. Refa akawapa kona. Wakafunga. Wenyeji wa Masinga walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nilingoja matusi. Mwalimu aliniita kando, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu. "Ndunda," akasema, "wewe hutakuwa kipa mzuri. Lakini hii kitu imekuuma sana, naona. Mtu mwenye inamuuma hivyo anaweza kufunza wengine." Msimu uliofuata alinipa makipa. Kwa hivyo mkiona napandisha sauti juu ya upepo, mjue inatoka wapi. Lowesha kidole kabla ya kuupiga mpira, na upepo ukiwa usoni, piga chini.

Mwalimu hakuwa mtu wa kelele uwanjani. Sauti yake ilikuwa imemalizwa na ubao na vumbi la chaki. Aliongoza mechi kwa kofia. Alikuwa na kofia ya pama ya kahawia, na akiinua kofia ile kichwani, mabeki wa pembeni walipanda kushambulia. Akikunja mikono, kila mtu alirudi nyuma ya mpira. Hakuwa na haja ya kumwambia mchezaji mpya. Mpya aliwatazama wenzake, na baada ya mechi chache macho yake yalikuwa yamezoea kwenda kwenye kofia yenyewe. Nilimwona winga mmoja akiwa na mpira mguuni, beki yuko mbele yake, na bado akageuka kumtafuta Mwalimu.

Wakati huo tuliona ni raha. Tuliita nidhamu.

Magoti yalipomshinda, akasema anaacha. Klabu ikataka kumpa heshima, na hapa ndipo tulipojichimbia shimo kwa mikono yetu wenyewe. Kwetu mzee akishaheshimiwa hupewa kiti, na kiti hicho hakikaliwi na mwingine wala hakisogezwi. Tukaagiza kiti kwa wachongaji wa Wamunyu, cha mti mzito, chenye mikono, na mgongoni wamechonga nyuki, kwa sababu nzuki kwa Kikamba ni hao nyuki. Mwenyekiti wa klabu akasimama mbele ya watu, mbuzi wamechomwa, akatangaza kwamba kiti hiki kitakaa kando ya benchi maisha yote ya Mwalimu. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Kando ya benchi, vijana. Hatua chache tu kutoka pale anaposimama kocha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Nikimkumbuka kocha wa kwanza aliyemfuata nacheka peke yangu. Alikuwa Kyalo, nahodha wetu wa zamani, mtoto wa mikono ya Mwalimu kabisa. Tulisema huyu ndiye, huyu anajua nyumba ilivyo. Kyalo akaenda akanunua kofia ya pama ya kahawia. Jumapili ya kwanza kukawa na kofia mbili kando ya uwanja, moja imekaa, nyingine imesimama, na kila moja inainuliwa kwa wakati wake. Beki wa kulia alipanda, wa kushoto akarudi, halafu wakabadilishana. Mumo, kipa wangu, alikuwa akipiga kelele huko nyuma kama mtu aliyeibiwa. Tulifungwa vibaya. Kyalo alijaribu msimu mmoja, akapungua uzito, akaniambia, "Mzee Ndunda, mimi nikiongea najisikia kama mtoto ameketi kwa kiti ya baba." Akarudi dukani kwake.

Baada yake tulileta kijana wa Syokimau, Kocha Deno. Watu wa hapa walimcheka kwa ajili ya kompyuta yake na Sheng yake, lakini msidanganywe. Deno alijua mpira. Jumanne na Alhamisi, wakati wa mazoezi, timu ilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuiona. Pasi ziliruka, watu walijaza nafasi, nami nilikuwa narudi nyumbani nikiimba. Halafu Jumapili ikifika, timu ile ile inacheza kama watu waliokutana kwenye foleni. Deno aliangalia video za mechi mpaka macho yakawa mekundu. "Budaa, siwaelewi hawa maboyz," aliniambia. "Tizi wako poa, mechi wanapotea. Ama mnawalisha nini Jumapili?"

Mimi pia sikuelewa. Nilidhani ni woga. Nikadhani ni chai ya asubuhi, nikaibadilisha. Mtu akikosa kuona kitu kilicho mbele yake hulaumu hata chai.

Nilielewa siku moja ya joto kali. Tulikuwa tunaongoza, zimebaki dakika chache, na Deno anapiga kelele mpaka mishipa imetoka, "Rudini! Rudini nyuma!" Kiti cha Mwalimu kilikuwa juani. Mwalimu, masikini, jasho linamtiririka, akainua kofia ajipanguse kipaji. Mabeki wetu wote wawili wa pembeni wakapanda mbio. Niliwaona wakipanda, na nilimwona Mwalimu na leso yake, kofia iko juu. Wageni wakapita mahali palipoachwa wazi, wakasawazisha. Deno alitupa chupa ya maji chini. Hakujua. Alidhani wamemdharau, na siku za mazoezi Mwalimu hakuwa akija, kwa hivyo Deno hangeweza kuiona tofauti.

Nilimwambia mwenyekiti. Akanisikiliza, akatazama pembeni, akasema, "Hiyo ni ukweli. Lakini nani atamwambia?" Nikasema ni wewe uliyetangaza kile kiti. Akasema, "Ndiyo maana haiwezi kuwa mimi." Wakamfuta Deno. Ilikuwa rahisi kumfuta Deno, hakuwa na mjomba hapa.

Nilikasirika, na bado nina hasira nikiandika. Timu ilikuwa inashuka mbele ya macho yetu, wachezaji wazuri wameanza kuondoka mmoja mmoja, na sisi watu wazima tunaogopa kiti.

Ndipo akaja Nduku. Alikuwa amefunza wasichana wa sekondari kule Katangi, na wasichana wale walikuwa wamemfunga kila mtu. Alichukua timu katikati ya msimu, iko mkiani, wakati hakuna mwanaume aliyeitaka. Mnaosema kwa kinyozi, sikieni hapo. Hatukumpa timu. Tulimpa mzigo ambao wengine walikuwa wameutua.

Mechi yake ya pili, hakutazama mpira. Nilimwona amegeuka, anawatazama wachezaji usoni, mmoja baada ya mwingine. Baada ya mechi alinijia nikikunja nyavu.

"Mzee Ndunda, nikiongea na hawa, macho yao inaenda wapi?"

Niliendelea kukunja.

"Unajua," akasema.

"Najua."

"Mimi ni mtoto wa hapa. Siwezi ambia mzee atoke kwa kiti yake. Nikimwambia, hata mama yangu hatanisalimia. Lakini wewe mlianza naye." Akanisaidia kukunja wavu mpaka mwisho, bila neno lingine. Ndivyo alivyo. Hakusukumi, anakuachia mzigo mkononi anaondoka.

Hesabu ya ligi ilikuwa imefika mahali pabaya. Ilibaki mechi moja ya nyumbani, na ni ushindi peke yake ungetubakisha. Sare haitoshi. Tukishuka, mwenyekiti alikuwa ameshasema wazi kwamba Nduku anaenda, na baada yake sijui nani, labda Kyalo na kofia yake tena. Nikaona kwamba tutakuwa tunaleta makocha na kuwala mpaka klabu iishe. Ijumaa asubuhi nikachukua bodaboda mpaka Kalama kwa Mwalimu.

Nilimkuta anapalilia mbaazi, pole pole, ameketi kwenye debe kwa sababu ya magoti. Alifurahi kuniona. Aliita chai. Tukazungumza habari za mvua, za mbolea, na za bintiye aliyeolewa Kitui. Nilizunguka nikazunguka. Naona aibu kuwaambia jinsi nilivyozunguka. Mwishowe nikasema yote kwa pumzi moja, kofia, mabeki, Deno, macho ya wachezaji, kila kitu.

Aliweka jembe chini. "Nani amekutuma?"

"Nimejituma, Mwalimu."

"Mimi siongei na mtu huko. Nakaa tu."

"Ukikaa tu, unaongea."

"Kofia ni yangu," akasema. "Jasho ni yangu. Sasa mzee akitokwa na jasho aombe ruhusa?"

Ningecheka, lakini uso wake haukuwa wa kuchekewa. Nikamwambia Nduku ni kocha mzuri, nikamwambia ataenda kama wale wengine. Aling'oa gugu moja, akalikung'uta udongo.

"Tangu mama watoto aende," akasema, "wiki yangu iko na siku moja. Jumapili. Hizo zingine napitisha tu. Na wewe Ndunda, wewe ndio umekuja kuichukua. Mwanaasa, si wangetuma mtu mwingine?"

Mwanaasa ni mtoto wa baba yangu, ndugu. Hakuwahi kuniita hivyo. Nilitaka kufuta maneno yangu yote. Nilitaka kumwambia kaa, acha timu iende inakoenda, mpira ni mchezo tu. Sikumwambia. Niliketi pale nimeshika kikombe kilichopoa, na yeye akachukua jembe lake akaendelea kupalilia.

Mtu haondoki nyumbani kwa Mwalimu bila kitu. Utapewa mbaazi, utapewa papai, hata kama mwaka ni mbaya utapewa ndizi mbili. Siku hiyo niliondoka mikono mitupu, na yule wa bodaboda, aliyenijua, aliniuliza kama kuna mgonjwa. Jumamosi sikuketi hata kidogo.

Nitawaeleza mechi sasa, ila kwanza jambo moja la kazi, maana nikiliacha nitalisahau. Uwanja wetu umelala kuelekea machweo. Nahodha akishinda kura ya sarafu, achague jua liwe mgongoni mwa kipa wake kipindi cha pili, hata kama winga wanalalamika. Siku hiyo nahodha alikumbuka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo moja.

Mwalimu alikuja. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana kuzama kwa mtu kunaita watazamaji. Alipita katikati yao bila kumsalimu mtu, na mimi alinipita pia. Akafika kwenye kiti chake. Akakishika mikono yote miwili, akaanza kukigeuza. Kiti kile ni kizito, na magoti yake mnayajua. Wachezaji wawili wa akiba walikimbia kumsaidia akawafukuza kwa kiwiko. Alikivuta, akapumua, akakivuta tena, mpaka mgongo wa kiti, wale nyuki waliochongwa, ukaelekea uwanjani. Kisha akaketi akiwatazama watu, uwanja uko nyuma yake, na kofia ameivua ameiweka mapajani.

Watu jukwaani wakaacha kutafuna. Halafu mama mmoja muuza njugu, aliyekuwa amekuja mechi zetu tangu akiwa msichana, akaita, "Mwalimu! Geuka bwana, mechi iko huko!"

"Najua iko wapi," akasema. "Nyinyi angalieni. Mimi niko sawa."

Nduku aliona. Alimwinamia kichwa, akawageukia vijana wake. Mimi nilikuja kusimama karibu na kiti. 

Mwanzoni wachezaji walipotea. Winga alitazama kiti akaona nyuki wa mbao, akapoteza mpira. Beki naye hivyo hivyo. Ilichukua kama robo saa. Halafu niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa makocha watatu. Nduku aliita, na beki wa kushoto, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kutazama, alimtazama yeye. Kabla ya mapumziko mpira ulitoka kulia, krosi ya chini, mshambuliaji akaugusa tu. Goli.

Uwanja ulilipuka. Mwalimu hakugeuka. Aliwatazama watu wakiruka, akaniuliza bila kuinua shingo, "Ni sisi?"

"Ni sisi."

"Kutoka wapi?"

"Kulia. Krosi ya chini."

Akafikiri. "Mimi ningepitia kushoto," akasema, na hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza tangu Ijumaa. Nilifurahi kupita hata goli lenyewe.

Tulishikilia. Jua lilishuka, liko mgongoni mwa Mumo kama tulivyotaka. Karibu kabisa na mwisho, beki wetu wa kati, mtoto mzuri lakini mwenye miguu inayofika kabla ya akili, akamkata mtu ndani ya boksi. Refa akaelekeza kidole. Penalti.

Hapa lazima niwaeleze jambo la makipa na mimi. Penalti ikipigwa, kipa wangu kabla ya kusimama kwenye mstari alikuwa ananitazama. Nikigusa sikio la kushoto aruke kushoto, la kulia aruke kulia, nikishika kidevu asimame katikati. Nilikuwa nawafuatilia wapigaji wa ligi yote, nani anapiga wapi, nani anageuza nyonga. Hakuna kocha aliyejua. Tuliona ni siri yetu, mimi na makipa wangu, na niliionea fahari.

Mpigaji wao nilimjua tangu akicheza shule. Kila mara, kila penalti ya maana, alipiga kushoto kwa kipa. Kila mara.

Mumo alinitafuta. Kutoka goli mpaka kwenye benchi ni mbali, lakini niliona macho yake yananitafuta, na nikayajua macho yale. Ndiyo yale yaliyokuwa yanatafuta kofia. Nduku alikuwa amesimama pale pale, mikono mfukoni, na hakuna aliyemtazama. Ijumaa nilikuwa nimekwenda Kalama kumwambia mzee aache siku yake moja ya wiki, na mimi mwenyewe kiti changu nilikuwa nacho sikioni.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda. Vijana, nawaambia ulivyokuwa, ulikuwa umefika shavuni. Niliurudisha, na nikageuka. Nikampa Mumo mgongo, nikasimama kando ya Mwalimu nikiwatazama watu kama yeye.

"Wewe nawe unafanya nini?" akauliza.

"Naangalia watu."

Alinitazama kutoka chini, na akaelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyenifunza kazi.  Tulingoja, sisi wazee wawili, uwanja uko nyuma yetu. Muuza njugu alikuwa ameingiza mkono kwenye beseni na kuusahau humo. Filimbi ikalia. Nilisikia mguu ukigusa mpira. Kisha nyuso zote mbele yetu zikaanguka kwa pamoja, na kule kona ya wageni wakaanza kuimba.

Sare. Tukashuka daraja.

Sasa mnajua. Nduku hakukosea chochote siku hiyo. Kama mnataka mtu wa kulaumu, ninaishi pale juu ya soko, njooni mnipate, nitakuwa nimesimama. Sijui hata leo kama nilifanya vizuri. Kuna siku nasema ndiyo na kuna siku nasema la, nimeushika ukuta. Siwaombi msamaha, ila sitaki mtu mwingine aubebe mzigo wangu.

Mumo alikuja kutoka golini anatembea, glavu zimening'inia, upande wa kulia wa jezi umejaa udongo. Alikuwa ameruka kulia. Alisimama mbele yangu.

"Mzee, nilikutafuta."

"Najua."

"Ulijua anapiga wapi?"

Ningeweza kudanganya. "Nilijua," nikasema.

 Nilidhani atanitukana, na ningekubali, nilikuwa nimemfunza tangu hajaota ndevu. Badala yake alinipita. Akampita Mwalimu pia, akaenda mpaka aliposimama Nduku, akachuchumaa kwenye nyasi mbele yake. "Kocha," akasema, "nilikosea wapi? Ningeangalia nini?" Nduku naye akachuchumaa, mbele ya watu wote waliokuwa wanamzomea, akaanza kumwonyesha kwa mikono jinsi nyonga ya mpigaji inavyofunguka kabla ya mguu. Mabeki wakasogea. Winga akasogea. Wakamzunguka mpaka nikawa simwoni.

Hicho ndicho tulichokuwa tumekitafuta kwa makocha watatu, na kilipokuja kiliniuma.

Mwalimu alikuwa bado anatazama watu wakitoka. "Huyo kijana ameenda kwa nani?" akauliza.

"Kwa Nduku. Wote wameenda kwake."

Mikono yake ilishika mikono ya kile kiti. "Basi, Ndunda," akasema, "sasa naweza geuka?"

Nikainama upande mmoja, yeye akasukuma upande mwingine, tukakigeuza kiti pamoja.